Lumbesa ya Programu: Mfanyabiashara Asilipie Asichokitumia

Hakuna mfanyabiashara wa viazi mviringo kati ya Ilembula na Makambako asiyeijua lumbesa. Gunia hujazwa hadi mdomoni, kisha huongezewa kilemba juu na kushonwa kwa kamba, na bei hubaki ile ile ya gunia moja. Sheria ya Vipimo inakataza gunia la mazao kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo umekuwa ukipambana na desturi hii mwaka hadi mwaka. Ubaya wa lumbesa si ukubwa wa gunia peke yake. Ubaya wake ni kwamba kuna mtu anayebeba gharama ya kilemba bila kuulizwa. Katika viazi, mtu huyo ni mkulima.

Wiki hii tunaziweka kando bei za mahindi, maharage na viazi ili tuzungumzie lumbesa ya aina nyingine, ambayo haionekani kwa macho wala haipimwi kwa mizani. Hii imo ndani ya kompyuta, na humwumiza mnunuzi badala ya muuzaji. Mwenye duka anaomba programu moja ya kuandikia hesabu, naye analetewa programu hiyo pamoja na rundo la nyingine ambazo hakuziomba. Bando la intaneti linalokwisha ni lake, diski inayojaa ni yake, na siku mambo yakiharibika, hasara pia ni yake.

Hoja yetu ni nyepesi. Mafurushi makubwa ya programu yagawanywe, ili kila mtu achukue sehemu anayoihitaji na kuacha nyingine. Wasambazaji wa Linux wameifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, ingawa bado hawajaimaliza. Wanunuzi wa vijijini na miji midogo, ambao ndio wenye maslahi makubwa zaidi katika suala hili, hawajaanza kuidai.

KWA NINI SASA

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilimaliza msaada wake wa kawaida kwa Windows 10. Toleo lililofuata, Windows 11, linadai kichakato cha miaka ya karibuni na kijisahani cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Kompyuta nyingi zilizotumika, zile zinazoingia nchini kutoka Ulaya na kuuzwa tena madukani, hazifikii kiwango hicho ijapokuwa bado ni nzima. Mwenye steshenari, mhasibu wa SACCOS, karani wa chama cha ushirika na mwalimu wa shule ya kata wote wanabaki na njia tatu: kununua mashine mpya, kuendelea na mfumo usiopata tena marekebisho ya usalama kwa utaratibu wa kawaida, au kuhamia Linux, ambayo haina ada ya leseni.

Njia hiyo ya tatu inavutia mfuko. Lakini kitu kisicho na ada si lazima kiwe kitu kisicho na gharama. Makambako, mahali barabara kuu ya TANZAM inapokutana na barabara ya Njombe na Songea, na ambapo reli ya TAZARA inapita, kila mfanyabiashara anajua kwamba mali inaweza kuwa ya bei poa shambani na ikawa ghali sokoni kwa sababu ya usafirishaji. Programu nazo zina usafirishaji wake, na jina lake ni bando. Mtu wa Ilembula hulipia kila megabaiti inayoshuka, iwe ameiomba au hakuiomba.

MSAMBAZAJI NA BOHARI LAKE

Ili tuelewane, tumtazame msambazaji wa Linux kama mfanyabiashara wa jumla. Programu zenyewe huandikwa na watu wengi duniani, kila mmoja kwa wakati wake. Msambazaji hukusanya kazi hizo, huzikagua, huzifunga katika mafurushi na kuziweka bohari, yaani seva ambako kila mtu anaweza kuzichukua. Debian, iliyoanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, ni miongoni mwa mabohari makongwe zaidi. Ubuntu, iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini na kutoa toleo lake la kwanza Oktoba 2004, ilijengwa juu ya bohari hilo la Debian. Debian 13, iliyotoka tarehe 9 Agosti 2025, ilikuwa na mafurushi 69,830.

Kila furushi lina hati yake, mfano wa hati ya mzigo. Hati hiyo inataja mafurushi mengine yanayotakiwa kuandamana nalo. Debian imepanga mahitaji hayo katika ngazi tatu. Ya kwanza ni utegemezi halisi: bila kitu hiki, programu haifanyi kazi. Ya pili ni pendekezo: watumiaji wengi watakihitaji, ila programu inaweza kuishi bila kitu hicho. Ya tatu ni dokezo tu: huenda kikakufaa.

Tangu Debian 5, iliyotoka Februari 2009, programu ya kuagiza mafurushi huleta ngazi ya kwanza na ya pili kwa pamoja, isipokuwa ukiikataza. Kwa maneno mengine, mapendekezo yamekuwa sehemu ya oda. Aliye mjini mwenye intaneti isiyo na kikomo haoni tofauti. Anayenunua bando la wiki anaiona.

Lumbesa kubwa zaidi, hata hivyo, hutokea katika ngazi ya kwanza. Chukua furushi moja lenye programu mbili. Moja ni ndogo na kila mtu anaihitaji. Nyingine inahitajiwa na wachache, lakini ili ifanye kazi inataka maktaba za picha, sauti na madirisha ya skrini. Hati ya mzigo huandikwa kwa furushi zima, si kwa kila kilichomo ndani yake. Basi anayetaka ile ndogo analazimika kupokea maktaba zote za ile kubwa. Na si hivyo tu: kila maktaba ina hati yake, nayo inataka wengine. Mgeni mmoja aliyealikwa anakuja na ukoo mzima.

Dawa yake ni kulifungua furushi hilo na kulifanya mawili. Programu ile ndogo inapata furushi lake lenye hati fupi, na ile kubwa inapata lake lenye hati ndefu. Atakaye zote mbili atazichukua zote mbili. Hakuna aliyenyimwa kitu, ila hakuna anayebebeshwa.

MIFANO ILIYOPO

Jambo hili si nadharia. LibreOffice, programu za ofisi zinazotumiwa na wengi badala ya zile za Microsoft, zimegawanywa katika Debian na Ubuntu. Ukiagiza furushi liitwalo libreoffice, unaletewa mkusanyo mzima: uandishi, hesabu, maonyesho, michoro, kanzidata na fomula. Mwenye duka la pembejeo anayetaka jedwali la mauzo tu anaweza kuagiza libreoffice-calc peke yake. Sehemu ya kanzidata, ambayo kwa baadhi ya kazi zake huhitaji Java, hatakuwa nayo, na kwa kawaida hatajua kwamba haipo.

Java yenyewe ni mfano mwingine. Seva iliyofungiwa katika chumba, isiyo na skrini wala spika, haina haja ya maktaba za kuchora madirisha na kutoa sauti. Kwa hiyo Debian na Ubuntu zina furushi la Java la kawaida na jingine lenye neno headless katika jina lake, maana yake Java isiyo na mambo ya skrini. Mfumo wa DHIS2, ambao Tanzania huutumia kukusanya takwimu za afya, huendeshwa kwa Java. Anayeandaa seva ya namna hiyo akiagiza furushi la kawaida kwa mazoea, anabeba skrini isiyokuwepo.

Vifaa vya mtandao visivyotumia waya navyo vinahitaji vijiprogramu vyake maalumu. Katika Debian vijiprogramu vya Intel vina furushi lake na vya Realtek vina lake. Mwenye kompyuta yenye kifaa cha Realtek hana sababu ya kubeba vya wengine. Hapa ifahamike kwamba kugawa hakuna maana ya kumficha mtu anachokihitaji. Tangu Debian 12 ya mwaka 2023, diski rasmi ya kusimika inakuja na vijiprogramu hivyo, kwa sababu kompyuta isiyoweza kuingia kwenye mtandao haiwezi kuagiza kitu chochote.

Lugha yetu pia imo katika hesabu hii. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Tafsiri zikikaa katika mafurushi yake ya lugha, mtu wa Njombe huchukua Kiswahili bila kushusha lugha nyingine zote za dunia, na mtu wa Norway halazimiki kushusha Kiswahili. Huo ni mgawanyo ambao hakuna anayeulalamikia.

HESABU YA MFUKO

Tufanye hesabu ya mfano, ambayo si takwimu za ofisi yoyote. Tuseme taasisi ina kompyuta 20, na kila moja imebeba megabaiti 400 za programu zisizotumika. Kusimika peke yake kumekula gigabaiti 8 bure. Programu hizo zisizotumika nazo hupata marekebisho, kwa kuwa mfumo haujui kwamba hazitumiki. Zikila megabaiti 50 kwa mwezi katika kila kompyuta, hiyo ni gigabaiti 1 kwa mwezi, au 12 kwa mwaka. Mwaka wa kwanza taasisi imelipia gigabaiti 20 za hewa. Msomaji azidishe kwa bei ya bando analonunua.

Yupo atakayesema kwamba fundi mwerevu hashushi mara 20. Ni kweli. Kuna programu, apt-cacher-ng ikiwa mojawapo, inayoifanya kompyuta moja ya ofisi kuwa bohari dogo: furushi hushuka mara moja, na mashine nyingine hulichukua kutoka hapo kwa waya wa ndani. Kila taasisi yenye kompyuta zaidi ya tatu ingepaswa kuwa na utaratibu huo. Lakini bohari dogo linapunguza gharama ya usafiri tu. Mzigo wenyewe bado unakaa katika kila diski, bado unahitaji kusimamiwa, na bado ni mlango ambao mwizi anaweza kuujaribu.

Tena usafiri wenyewe si wa kuaminika siku zote. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika kwa wakati mmoja, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Siku kama hiyo, fundi anayehitaji rekebisho moja la haraka anagombania njia nyembamba na nchi nzima. Anayeshusha furushi la megabaiti 5 ana nafasi ya kumaliza. Anayelazimika kushusha megabaiti 300 zinazoandamana nalo anaweza kukesha.

MLANGO ULIOACHWA WAZI

Hasara ya bando ni ndogo ukiilinganisha na hii inayofuata. Machi 2024 mhandisi wa Microsoft, Andres Freund, ambaye pia ni mmoja wa waandishi wa kanzidata ya PostgreSQL, aliona kwamba kuingia katika kompyuta yake ya majaribio kwa njia ya SSH kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Alifuatilia. Tarehe 29 Machi aliutangazia ulimwengu kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kufinya mafaili, yametiwa mlango wa siri. Aliyeutia alijitambulisha kwa jina la Jia Tan, na alikuwa amejijengea imani ndani ya mradi huo kwa zaidi ya miaka miwili.

Mfanyabiashara atauliza: kufinya mafaili kunahusiana vipi na SSH, ambayo ni njia ya kuingilia seva kutoka mbali? Jibu ni kwamba havihusiani. Programu ya OpenSSH kama ilivyoandikwa na wenyewe haikuihitaji maktaba ya xz hata kidogo. Ila wasambazaji kadhaa, Debian na Fedora wakiwemo, walikuwa wameiongezea kipande kidogo ili iweze kuuarifu mfumo wa systemd kwamba imeanza kazi. Kwa ajili ya taarifa hiyo moja, waliiunganisha na maktaba ya systemd. Maktaba ya systemd nayo ilikuwa imeunganishwa na maktaba ya xz kwa kazi nyingine kabisa. Mlango wa siri ukapita katika njia hiyo ndefu mpaka kwenye kufuli la seva.

Kwa bahati njema, matoleo hayo yalikuwa bado hayajafika katika Debian ya kawaida inayotumiwa na taasisi. Yalikuwa katika matawi ya majaribio. Lakini somo lilieleweka. OpenSSH 9.8, iliyotoka Julai 2024, ilipewa uwezo wa kutuma taarifa ile yenyewe bila kuihitaji maktaba ya systemd. Watengenezaji wa systemd nao waliendeleza kazi ya kuzifanya maktaba za namna ile ziitwe pale tu zinapotakiwa. Mashirika makubwa yalikuwa yamening'inia kwenye uzi ambao hakuna aliyeuhitaji, na dawa ilikuwa kuukata.

Mwenye SACCOS ayatafakari haya. Furushi usilolitumia si uchafu tu unaojaza stoo. Ni mlango wa nyumba yako ambao hujui kwamba upo, na kwa hiyo hutaukagua.

TULIKWISHA GAWANYA BENKI

Wako wanaoona kwamba kuvunja kitu kizima ni dalili ya udhaifu. Historia yetu ya uchumi inasema vingine. Mwaka 1997 Benki ya Taifa ya Biashara, iliyokuwa imebeba kila kitu kuanzia biashara kubwa za mijini hadi matawi ya wilayani pamoja na madeni mabovu, iligawanywa sehemu tatu: NBC (1997) Limited, National Microfinance Bank na NBC Holding Corporation. Mwekezaji aliyetaka benki ya biashara hakulazimika tena kununua pamoja nayo mtandao mzima wa matawi ya vijijini na mali zisizo za kibenki. ABSA ya Afrika Kusini ilinunua hisa nyingi za NBC mwaka 2000. NMB nayo ilipata wabia wake mwaka 2005, na mwaka 2008 hisa zake ziliingia katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, na wananchi wa kawaida walizinunua.

Tusisahau kwamba mgawanyo huo ulipingwa, na baadhi ya hofu zilikuwa za haki. Lakini msingi wake ulikuwa ule ule tunaoutetea hapa: kila sehemu ibebe mzigo wake, ijulikane inategemea nini, na anayeitaka aweze kuichukua peke yake.

HOJA ZA UPANDE WA PILI

Kugawa mafurushi kuna gharama, na si haki kuificha.

Kwanza, mafurushi yakiwa mengi, orodha ya bohari inakuwa ndefu, na orodha yenyewe hushushwa kila unapotafuta marekebisho. Ukigawa kitu kidogo ambacho hakina uzito wa kumwumiza mtu, unaweza kuongeza mzigo badala ya kuupunguza.

Pili, vipande vidogo kupita kiasi ni hatari ya aina nyingine. Machi 2016 mwandishi mmoja wa programu aliondoa katika bohari la npm kipande chake kiitwacho left-pad, chenye mistari 11 tu, na kazi za watu wengi duniani zikakwama kwa saa kadhaa kwa kuwa zilikitegemea. Pale tatizo halikuwa furushi kubwa. Lilikuwa utegemezi juu ya kitu kidogo ambacho kila mmoja angeweza kujiandikia. Kwa hiyo shabaha si kuongeza idadi ya vipande. Shabaha ni kupunguza mambo ambayo programu moja inayategemea bila sababu.

Tatu, na hii ndiyo hoja nzito zaidi, mgawanyo unaofanywa ghafla humkosesha mteja alichozoea. Mwaka 2024 msimamizi wa furushi la KeePassXC katika Debian aliligawa mara mbili. KeePassXC ni programu ya kutunzia nywila. Furushi lenye jina la zamani liliachwa bila uwezo wa mtandao na wa kuunganishwa na kivinjari, na mwenye kutaka uwezo huo aliambiwa achukue jingine lenye neno full. Nia ilikuwa njema: programu ya kutunza siri iwe na milango michache. Lakini waliokuwa wakitumia tawi la majaribio walisasisha kompyuta zao, wakakuta kivinjari hakizungumzi tena na nywila zao. Waandishi wa programu walilalamika kwamba wao ndio wanaopokea malalamiko ya kazi ambayo hawakuifanya.

Maoni yetu ni kwamba msimamizi yule alikuwa sahihi katika kugawa, ila alikosea katika jina. Jina la zamani ni ahadi kwa mteja wa zamani. Muuza unga aliyezoeleka kwa mfuko wa kilo 5 hawezi kuanza kutia kilo 3 katika mfuko ule ule wenye chapa ile ile, hata kama kilo 3 zinatosha familia nyingi. Atengeneze mfuko mpya wa kilo 3, auandike hivyo, na wateja watachagua. Kadhalika, jina la zamani liendelee kuleta kila kitu, na furushi jembamba lipewe jina jipya. Anayetaka wepesi atalitafuta. Asiyejua tofauti hatapoteza kitu.

Nne, wapo wanaosema kwamba diski za leo ni kubwa na jambo hili limepitwa na wakati. Hoja hii hutolewa na watu wenye diski kubwa. Kompyuta zinazofika katika maduka ya Makambako na Njombe si zile zinazoonyeshwa katika matangazo. Na hata diski ikiwa kubwa, bando halijawa kubwa, wala mwizi hajapungua.

MNUNUZI AFANYE NINI

Wasambazaji wa Linux wako mbali, na wengi wao hujitolea. Hatuwezi kuwaamuru. Lakini mnunuzi ana nguvu juu ya fundi anayemlipa na juu ya kampuni inayompa mfumo. Tunapendekeza mambo manne.

La kwanza, kabla ya fundi kusimika kitu, mwenye mali aandike kompyuta hii itafanya kazi gani. Ikiwa ni jedwali la hesabu, barua na kuchapisha risiti, basi orodha hiyo ndiyo oda. Kinachozidi kielezwe sababu yake.

La pili, katika Debian na Ubuntu fundi anaweza kuongeza katika amri yake maneno --no-install-recommends, na mapendekezo hayataletwa. Hili lifanywe na mtu anayejua, kwa sababu baadhi ya mapendekezo ni ya muhimu, na mtu akiyakataa yote kwa pupa anaweza kukosa printa. Utaratibu mzuri ni kuisoma orodha inayotolewa kabla ya kukubali, kama mtu anavyosoma ankara kabla ya kutia sahihi. Programu inayoagiza mafurushi hutaja kila kitakachoongezwa pamoja na ukubwa wa jumla, kisha huuliza iendelee au iache. Mafundi wengi hubonyeza ndiyo bila kusoma.

La tatu, taasisi yenye mashine nyingi iwe na bohari lake dogo la ndani kama tulivyoeleza, na kila baada ya miezi mitatu fundi aondoe mafurushi yaliyobaki bila mwenyewe. Amri ya apt autoremove huyaorodhesha yale yaliyoletwa kwa ajili ya programu ambazo zimekwisha kuondolewa. Orodha hiyo nayo isomwe kabla ya kukubaliwa.

La nne, na ndilo lenye uzito katika biashara, mkataba wa kununua mfumo wowote, uwe wa SACCOS, wa zahanati au wa ghala la mbao, uwe na kifungu kinachomtaka mtoaji kuorodhesha kila kitu ambacho mfumo wake unakitegemea na kueleza kwa nini. Mtoaji makini ataandika orodha hiyo kwa siku moja, kwa kuwa anaifahamu. Asiyeweza kuiandika hajui anachokuuzia. Kifungu hicho kiongezee kwamba sehemu zisizotumika zisisimikwe, na kwamba zikihitajika baadaye zitaongezwa bila ada mpya ya kuanza upya.

Kwa wenye mitaji midogo wanaofikiria kufungua biashara ya kuuza na kuhudumia kompyuta katika miji yetu, hapa pana nafasi. Mashine zilizoachwa nje na Windows 11 ni nyingi na bei yake itaendelea kuwa nafuu. Waangalie tu kwamba ziwe za biti 64, kwa kuwa Debian 13 haitoi tena diski ya kusimika kwa zile za biti 32. Fundi atakayeziandaa kwa Linux nyembamba, yenye kazi zilizoombwa tu, lugha ya Kiswahili na marekebisho yasiyokula bando, atakuwa anauza kitu ambacho duka la jirani halina. Mteja wa Ilembula hatamuuliza habari za utegemezi wala maktaba. Atamuuliza kwa nini bando lake sasa linafika mwisho wa mwezi, na atarudi na mteja mwingine.